Dawati la Bure la Wenye Midomo

Ifahamike kwa wote, wenye kesi na wale ambao bado hawajapata, kwamba siku Mamlaka ya Msaada wa Sheria ilipozindua Dawati la Msaada Bila Malipo kwa Washtakiwa wa Kashfa Wasio na Wakili, taifa lilipiga hatua ambayo mataifa mengine yataipiga yakipata nafasi. Utepe ulikatwa. Ulikatwa tena, maana mara ya kwanza mpiga picha alikuwa anabadilisha betri. Mkurugenzi Mkuu, kwa sauti iliyojaa uchungu wa wananchi, akatangaza kwamba kuanzia sasa hakuna mnyonge atakayesimama peke yake mahakamani kwa sababu ya kauli iliyomponyoka. Watu wakapiga makofi, wakanywa soda, wakatawanyika. Dawati lenyewe likaingizwa ofisini kwa kupitishwa dirishani, kwa kuwa mlango ulikuwa mwembamba, na Bwana Utaratibu akakabidhiwa kiti cha nyuma yake.

Hilo jina la Bwana Utaratibu alipewa na wenzake kwa kumcheka, yeye akalipokea kama nishani. Aliamini kwa dhati kwamba machozi mengi duniani yangeepukika kama watu wangesoma maelekezo kabla ya kulia. Kanuni za Dawati alizijua kwa moyo, na aliyoipenda kuliko zote ni ile iliyosema kwamba neno la kashfa halirudiwi. Kulirudia ni kukashifu upya, na afisa atakayelisikia atakuwa ameshiriki kulisambaza. Kwa hiyo mteja alitakiwa kueleza shauri lake bila kuyataja maneno aliyoyasema, bila kuyadokeza, bila kuyaonyesha kwa mikono wala kwa uso. Afisa naye, asipoelewa shauri linahusu nini, asingeweza kulishughulikia. Pande zote mbili zilikuwa zimelindwa.

Mteja wa kwanza alikuwa kinyozi, bado ana nywele za watu mabegani.

"Nimeshtakiwa na mwenye nyumba wangu," alisema. "Ati nimemharibia jina. Mimi nilisema tu kwamba yeye ni—"

"Simama hapo hapo!"

Kinyozi akasimama, akadhani kaambiwa ainuke kitini.

"Kaa. Nimesema usimamishe maneno. Eleza mazingira."

"Mazingira? Nilikuwa namnyoa mtu."

"Vizuri sana. Endelea."

"Nikasema."

"Ukasema nini? Hapana! Usijibu hilo."

"Mzee, unanichezea akili?"

"Nakulinda, ndugu yangu. Ukirudia hapa nitalazimika kukuripoti."

Kinyozi alimtazama kama mgonjwa aliyeambiwa na daktari asitaje panapouma. "Nyie mnapiga watu danadana tu," akasema, akaondoka. Bwana Utaratibu akaandika kwamba mwananchi amesikilizwa kwa kiasi kinachoruhusiwa.

Wakaja wengine. Alikuja mwalimu aliyemwandika mkuu wa shule ubaoni, akasahau kufuta. Alikuja fundi bomba aliyemsema diwani akiwa chini ya sinki, akidhani sinki halisikii. Walieleza mazingira hadi wakachoka, wakarudi makwao na kesi zao mikononi. Jioni, wakati wa chakula, Bwana Utaratibu alimsimulia mkewe ushindi wa siku hiyo, jinsi fulani alivyotaka kupenyeza neno akamwahi, jinsi mwingine alivyojaribu kwa ishara ya kidole akamgundua. Mkewe alikuwa akiitikia "mh" bila kuinua macho. Mama mkwe, aliyekuwa akija kula nao mara nyingi baada ya kufunga kazi, alisikiliza vizuri zaidi.

Mama mkwe huyo alikuwa dobi. Alikuwa na kibanda kwenye kona ya barabara, pasi zake za umeme, beseni na kamba za kuanikia, na kibanda hicho ndicho kilichomsomesha binti yake hadi akaolewa na mtu wa ofisini. Nusu ya mashati ya Mamlaka yalinyooshwa pale, likiwemo la Mkurugenzi Mkuu, ambaye dereva wake ndiye aliyekuja kuyachukua. Mikono ya mama huyo ilikuwa ya upole hata kwa hariri, lakini mdomo wake haukuwa na kitasa. Siku moja mteja mmoja akamuuliza kuhusu Dawati. Mama akajibu huku anapiga pasi kola, dereva akiwa amesimama pale pale anasubiri shati litundikwe kwenye hanga.

Jibu likafika kwa Mkurugenzi kabla shati halijafika.

Hati ya wito ililetwa kibandani asubuhi, katikati ya mashuka mabichi. Mkurugenzi Mkuu alidai kwamba heshima yake imeshushwa hadharani, na aliomba fidia ambayo hata anayefikiria haraka haraka angeona haiwezi kupatikana bila kuuza kibanda, pasi, beseni, na kamba yenyewe.

Nyumbani kwa Bwana Utaratibu jioni hiyo hapakuwa na simulizi za ushindi.

"Wewe si ndiye Dawati?" mkewe akauliza.

"Ndiyo, lakini..."

"Lakini nini? Washtakiwa wa kashfa wasio na wakili. Mama ni mshtakiwa. Ni wa kashfa. Wakili hana. Ulitaka na uzito wake?"

"Kuna suala la mgongano wa maslahi, mke wangu."

"Sikiliza nikwambie mgongano. Mama akipoteza kibanda anahamia hapa. Chumba cha watoto kimejaa, kwa hiyo atalala sebuleni. Bafu liko ng'ambo ya sebule. Utakuwa unapita mbele ya mama mkwe wako kila asubuhi umejifunga taulo."

Bwana Utaratibu akaweka kijiko chini. Hakulala vizuri.

Kesho yake mama akatokea ofisini, kajitanda khanga safi, mkoba kauweka kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Leo nimekuja kama raia. Usinipendelee, nimepanga foleni." Foleni haikuwepo, lakini alikuwa amesimama kidogo nje ya mlango kwa heshima ya utaratibu.

"Karibu, mteja."

"Ahsante. Bosi wako kanishtaki. Nilikuwa napiga pasi, mtu akaniuliza, mimi nikasema—"

Hapo Bwana Utaratibu alipata mtihani ambao kanuni hazikuufikiria. Kinyozi unaweza kumwambia nyamaza. Mama mkwe humwambii. Huzibi masikio mbele yake, huinui mkono, hupazi sauti. Kilichobaki ni kukohoa, naye akakohoa.

"Pole, baba. Basi nikasema—"

Akakohoa tena, kikohozi kirefu cha kutoka magotini.

"Una kifua, mkwe wangu? Nikuchemshie tangawizi?"

"Mama, samahani sana. Maneno yenyewe hayaruhusiwi kutajwa humu."

"Sasa nitajiteteaje kwa maneno nisiyoruhusiwa kuyasema?"

"Ndiyo changamoto tunayoifanyia kazi."

Mama akatafakari. "Basi nipe wakili, nikamwambie yeye pembeni."

"Mawakili wa Mamlaka kwa sasa wote wametingwa."

"Na nini?"

"Na kesi ya Mkurugenzi."

"Kesi yake na nani?"

Bwana Utaratibu akaitazama kalenda ukutani kana kwamba jibu limeandikwa chini ya tarehe. "Na wewe, mama."

"Kwa hiyo mawakili wa bure wapo," mama akasema.

"Wapo."

"Ila wako upande ule."

"Kwa sasa hivi, ndiyo."

Mama akainuka, akamuaga vizuri tu, akatoka. Bwana Utaratibu alimtazama akishuka ngazi kwa kushika ukuta, mama aliyenyoosha hata shati alilokuwa amelivaa yeye wakati huo, na akaona aibu. Iliuma mahali ambapo hakuna kanuni inayofika. Alifungua kitabu cha kanuni akatafuta ni kifungu gani kinachohusu hali hiyo, hakukiona, akakifunga.

Siku ya kesi chumba cha mahakama kilijaa. Mawakili wa Mamlaka walikuja kwa wingi hata mmoja akakaa dirishani. Upande wa pili benchi zima lilikuwa la mama peke yake, yeye na mkoba wake. Binti yake aliketi nyuma kwa watazamaji. Bwana Utaratibu alikuwa ameitwa na Mkurugenzi kuwa shahidi wa sifa njema za Mamlaka, akapangiwa kiti kilichomlazimu kutazamana na mkewe.

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kwa uzi shingoni, na alionekana kuwa mtu asiyependa maneno ya ziada. Akafunua hati ya madai, akavaa miwani, akaivua.

"Hapa pana wino mweusi mtupu. Maneno aliyoyasema huyu mama yako wapi?"

Wakili mkuu akainama. "Mheshimiwa Hakimu, tumeyafunika ili mlalamikaji asiendelee kuumia."

"Kwa hiyo mnataka nihukumu wino."

"Kwa heshima na taadhima, Mheshimiwa, tunaomba uhukumu maumivu."

"Mlalamikaji apande kizimbani ayaseme mwenyewe."

Mkurugenzi Mkuu akapanda, shati limenyooka vizuri ajabu. Akajikung'uta, akashika ukingo wa kizimba. "Alisema kwamba ofisi yangu... haijawahi... kumsaidia mtu."

"Sauti. Karani hakusikia."

"Kwamba ofisi yangu haijawahi kumsaidia mtu yeyote."

"Sogea kwenye kipaza sauti, tafadhali. Polepole, anaandika."

"OFISI YANGU HAIJAWAHI KUMSAIDIA MTU YEYOTE!"

Dirisha lilikuwa wazi. Nje, walikokuwa wamekaa watu wenye kesi zao, mtu mmoja akaitikia, "Kweli kabisa, mzee!" na askari akaenda kumtafuta bila kumpata.

"Na hayo ni uongo?" hakimu akauliza.

"Uongo mtupu, Mheshimiwa."

"Vizuri. Basi kesi yetu ni fupi. Nitajie mmoja mliyemsaidia."

Mkurugenzi akamtazama wakili mkuu. Wakili mkuu akamtazama msaidizi wake, msaidizi akamtazama yule wa dirishani, na jicho likaendelea kushuka vyeo kama ilivyo kawaida ya maofisi, hadi likafika kwa Bwana Utaratibu, ambaye chini yake hapakuwa na mtu. Akapandishwa kizimbani, akaapa.

"Wewe ndiye unayekaa dawatini. Umemsaidia nani?"

"Tumewapokea wengi sana, Mheshimiwa."

"Nimeuliza kuwasaidia."

"Tumewaelekeza."

"Mmewaelekeza wapi?"

Bwana Utaratibu alikuwa amekwisha kuapa. "Mlangoni," akasema.

Mama akainua mkono. "Mheshimiwa, na mimi naruhusiwa kumuuliza? Sina wakili."

"Uliza, mama."

"Mkwe wangu, hebu waambie. Hayo maneno mimi niliyapata wapi?"

Mahakama nzima ikamgeukia. Mkurugenzi alikuwa anamtazama, na mkewe alikuwa anamtazama, na kati ya hao wawili kulikuwa na mshahara upande mmoja na taulo upande mwingine. Lakini alichokiona zaidi ni mama yule peke yake kwenye benchi refu, vidole vyake vimekaza mkoba.

"Kwangu," akasema. "Mezani, wakati wa chakula. Nilikuwa najisifu."

Hakimu akaandika. Kisha akasema mahakama inapumzika kwa chakula cha mchana, na mlalamikaji atumie muda huo kutafuta mtu mmoja, hata akiwa mfupi, ambaye ofisi yake imemsaidia.

Huko ukumbini ikawa purukushani. "Tafuteni mtu!" Mkurugenzi akanguruma. Mawakili wakatawanyika kama vifaranga. Mmoja akamkaba mzee aliyekuwa anamsubiri mkewe atoke msalani.

"Baba, tukusaidie na kesi yako."

"Sina kesi, mwanangu."

"Utapata tu. Weka sahihi hapa."

Mzee akakataa, akahamia benchi jingine. Ndipo Mkurugenzi alipomwona mama, kakaa pale ngazini anamenya chungwa.

"Yule je?"

"Yule ndiye mshtakiwa, bosi," Bwana Utaratibu akasema.

"Ana wakili?"

"Hana."

"Kesi yake ya nini?"

"Ya kashfa."

"Sasa mnatafuta nini kingine? Anakidhi vigezo vyote! Msaidieni sasa hivi!"

Wakili mkuu akakohoa kwa adabu. "Mkurugenzi, huyo tutakuwa tunamsaidia dhidi yako. Tukimsaidia akashinda?"

"Tutakuwa tumemsaidia. Si ndicho ninachotaka?"

"Na tukimsaidia akashindwa?"

Hilo likamkwamisha Mkurugenzi. Akamgeukia Bwana Utaratibu, kwa mara ya kwanza tangu amkabidhi kile kiti.

"Akishindwa, bosi, itaonekana hatukumsaidia," Bwana Utaratibu akasema, "na alichokisema kitakuwa kweli."

"Basi ashinde! Hakikisheni anashinda, ionekane wazi kwamba alisema uongo!"

Hakuna aliyepinga, kwa kuwa agizo lilikuwa la kutoka juu. Wakamwendea mama wote kwa pamoja, majoho yanapepea.

"Mama, tumekuja kukutetea."

Mama akameza kipande cha chungwa. "Nyie nyie?"

"Sisi hawa."

"Bure?"

"Bure kabisa."

"Na nitaruhusiwa kusema nilichokisema?"

"Mama yetu, sema mpaka uchoke."

Mama akamtazama mkwewe. Bwana Utaratibu akavuta pumzi, na kifua chake kilikuwa safi. "Sema, mama," akamwambia. "Nakusikiliza." Akakaa naye kwenye ngazi, akasikia mwanzo hadi mwisho, habari ya mteja aliyeuliza, kola, dereva na hanga, na ilikuwa habari fupi iliyoeleweka kwa urahisi sana.

Mahakama iliporejea, benchi la mama lilikuwa limejaa pomoni na upande wa Mkurugenzi ulikuwa mtupu. Wakili mkuu hakuwahi maishani kumtetea mtu asiye na cheo, na alipoanza utamu ukamkolea. Alizungumza juu ya mikono ya mama huyu iliyochubuka kwa sabuni. Alizungumza juu ya kibanda. Karani alisahau kuandika. Kisha akashusha sauti na kusema kwamba utetezi wao ni mmoja tu, nao ni ukweli, na kwamba upande wa utetezi una bahati ya kuufahamu ukweli huo kwa kuwa wanafanya kazi ndani ya ofisi husika.

"Napinga!" Mkurugenzi akaruka.

"Wakili wako ndiye apinge," hakimu akasema.

"Mawakili wangu ndio wale!"

"Naona. Basi huna wakili. Utauliza maswali mwenyewe."

Mkurugenzi akafunga vifungo vya koti, akamkabili mama. Alikuwa na swali moja na alilitegemea. "Mama, mbele ya mahakama hii, leo umesaidiwa na ofisi yangu au hukusaidiwa?"

"Nimesaidiwa, baba. Tena sana. Mungu awabariki."

"Umesikia, Mheshimiwa! Ofisi imemsaidia mtu! Alisema uongo!"

Hakimu akavua miwani. "Imemsaidia leo, baada ya chakula cha mchana. Siku aliyoyasema maneno yake, yalikuwa kweli. Shauri limetupwa. Mahakama pia inaweka kwenye kumbukumbu, kama mlalamikaji anavyosisitiza, kwamba Mamlaka imemsaidia mwananchi mmoja."

Watu wakashangilia. Mama hakushangilia. Alibaki ameshika ukingo wa benchi, na binti yake alipofika kumkumbatia ndipo alipouachia. "Niliogopa, mwanangu," akasema. "Wiki nzima akili yangu haikuwa kwenye pasi. Nimeunguza shuka la watu." Akalia pale pale. Bwana Utaratibu alisimama kando akiwa amebeba mkoba, hakuwa na maelekezo yoyote ya kumpa.

Ingekuwa ofisi nyingine mambo yangeishia hapo. Lakini habari za mwananchi aliyesaidiwa zilifika wizarani, ambako hazikuwa zimewahi kufika, zikapokelewa kwa furaha kubwa. Iliundwa timu kuchunguza mafanikio hayo yametokana na nini. Timu ikabaini kwamba mbinu pekee iliyothibitika ya Mamlaka kumsaidia mwananchi ni Mkurugenzi Mkuu kumshtaki mwananchi huyo kisha kumwachia mawakili wote. Ikapendekeza mbinu hiyo iwe endelevu. Waziri akaidhinisha, akampongeza Mkurugenzi kwa ubunifu, na akaelekeza kwamba kuanzia sasa awe anashtaki mfululizo, yeye mwenyewe, bila wakili, ili asipunguze nguvu kazi.

Kilichobaki ni vigezo. Ili mtu ashtakiwe kwa kashfa ni lazima kwanza awe amemsema Mkurugenzi, na wananchi, ambao siku zote wanalaumiwa kwa kutoshiriki mipango ya serikali, safari hii walishiriki. Foleni ilianza kwenye ngazi za Mamlaka ikazunguka jengo. Walikuja waliodhulumiwa viwanja, waliofukuzwa kazi, waliozungushwa pensheni, kila mmoja na la kusema, na akishalisema alipata mawakili ambao, wakiwa pale pale, walimshughulikia na lile la kiwanja. Bwana Utaratibu aliwapanga vizuri, akiwakumbusha kwa upole kwamba Dawati halitetei uongo, kwa hiyo waseme ya kweli tu. Hilo halikumsumbua mtu.

Na kila Jumatatu asubuhi, katika chumba kilichojaa hadi madirishani, hakimu alivaa miwani yake, akamwomba mlalamikaji asogee kwenye kipaza sauti. Mkurugenzi Mkuu alisimama upande wake peke yake, akafungua jalada lililokuwa linanenepa, na kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumsomea, akaanza kujisomea mwenyewe, polepole, karani akiandika, yote aliyosemwa.